Boti ya Kwanza ya Kuvulia Baharini: Namna ya Kuichagua Watamu, Malindi na Shimoni

Anayekodi boti ya kuvulia kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza kwa kuuliza bei. Hutajiwa bei tatu, huchagua ya chini, hutuma pesa kwa simu, na alfajiri yake hujikuta amesimama ufukweni akitazama boti ambayo hajapata kuiona hata kwa picha. Bei ni swali la mwisho. Kabla yake kuna manne: unataka uvuvi gani, siku ipi, boti ipi, na nahodha ni nani. Ukishayajua hayo, utaona mwenyewe bei gani ni halali na ipi ni ya kukimbia.

Tunazungumzia pwani ya Kenya, kuanzia Malindi hadi Shimoni. Mengi yanafaa pia Nungwi, Pemba na Mafia, ila sheria na ofisi za upande wa Tanzania ni nyingine.

1. Amua uvuvi kwanza

Kurambaza ndio uvuvi ambao boti nyingi za kukodi huuza. Boti hutembea mwendo wa noti sita hadi nane (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), na nyuma yake huburutwa misipi minne hadi sita yenye chambo bandia au samaki mdogo aliyeshonewa ndoana. Hupatikana nguru, jodari, faulusi, songoro, na kwenye maji ya kina sulisuli na malini, wale wakubwa wenye mdomo mrefu kama mkuki. Mgeni hahitaji ujuzi wowote: mabaharia hupanga misipi, wewe hukabidhiwa fimbo samaki akishashika. Ubaya wake ni kwamba yanaweza kupita masaa matatu bila hata mshipi mmoja kuguswa, na hilo si kosa la nahodha.

Kuvua chini ni kutia nanga, au kuiacha boti ielee juu ya mwamba wenye kina cha mita 30 hadi 80, ukashusha ngisi au kipande cha kibua. Hapo ni changu, chewa na kungu. Mikono haikai bure, na watoto huupenda zaidi uvuvi huu. Lakini boti iliyosimama huyumba kuliko inayotembea, na hapo ndipo watu hulewa bahari.

Uvuvi wa tatu ni wa kurusha na kuvuta chambo cha chuma au cha kuelea kwa nguvu, tena na tena, kumsaka kolekole mkubwa. Ni kazi ya mabega. Uache mpaka safari ya tatu au ya nne.

Kwa mara ya kwanza tunashauri nusu siku, yaani masaa manne hadi matano: kurambaza kwenda, saa moja ya kuvua chini kama bahari imetulia, kisha kurambaza kurudi. Usinunue siku nzima ya kumtafuta malini. Watu wanne ambao hawajui kama tumbo lao linaivumilia bahari hawapaswi kujifunga masaa tisa mbali na nchi kavu.

Na uliza mtavua wapi. Hifadhi za Taifa za Bahari za Watamu na Malindi, zote mbili za tangu 1968, haziruhusu uvuvi wowote, hata wa mshipi wa mkono. Kisite, mbele ya Shimoni, uvuvi umekatazwa vile vile. Akitokea mtu akakuambia, "Tutavua hapa hapa ndani ya mwamba, maji yametulia," muulize kama hapo ni ndani ya hifadhi. Boti za halali hutoka nje ya mlango wa mwamba ndipo zikashusha misipi.

2. Chagua tarehe: msimu, kisha mwezi, kisha upepo

Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndio msimu wenyewe. Sulisuli huwa wengi Malindi na Watamu kuanzia Novemba hadi Januari. Malini huvuliwa zaidi Januari hadi Machi. Jodari huanza mapema, Agosti hadi Oktoba, kusi, yaani upepo wa kusini, likiwa linalegea. Kati ya Mei na Julai kusi huvuma kwa nguvu, na wenye boti wengi huzipandisha juu kuzifanyia ukarabati. Ukiona boti inauzwa rahisi sana mwezi Juni, sababu ni hiyo.

Malindi ina jambo lake. Mvua ikinyesha bara, Mto Sabaki humwaga maji mekundu baharini, na maji hayo hayachanganyiki upesi na ya buluu. Mpaka wa rangi mbili huonekana kama mstari uliochorwa, na samaki wakubwa huwinda kando yake. Mgeni huona uchafu akadhani siku imeharibika. Nahodha mzuri huufuata mstari huo huo.

Baada ya msimu tazama mwezi, na hapa ndipo wageni wengi hukosea. Bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja karibu tarehe saba na ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu. Pwani hii maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua. Tena saa zake zinajulikana: bamvua hujaa karibu saa kumi alfajiri na hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi. Sasa piga hesabu. Nusu siku inayoanza saa kumi na mbili hurudi saa tano, bahari ikiwa imekauka. Boti haiwezi kufika ufukweni, na mtatembea mita mia kadhaa juu ya mawe na shokoshoko wenye miiba, mmebeba mtoto na jokofu la samaki. Chagua maji mafu, ambapo asubuhi hiyo hiyo maji hujaa karibu saa nne. Mkondo pia huwa mdogo, kwa hiyo anayevua chini husikia samaki akigusa badala ya kuona mshipi ukibebwa na maji. Kama tarehe yako haibadiliki na imeangukia bamvua, muulize nahodha mtapandia na kushukia wapi, na uvae viatu vya maji.

Upepo uutazame siku tatu kabla, kisha tena usiku wa kuamkia safari. Programu za simu za utabiri wa upepo zinatosha. Kwa mara ya kwanza, upepo ukizidi noti 15, ahirisha. Kwenye mawimbi usisome urefu peke yake, soma na nafasi kati ya wimbi na wimbi. Wimbi la mita moja na nusu linalokuja kila sekunde kumi hukuinua na kukushusha taratibu; la urefu ule ule linalokuja kila sekunde tano hukupiga bila kukupa nafasi ya kupumua. Kwa kawaida asubuhi bahari huwa laini, upepo hupanda mchana. Ndiyo maana safari ya nusu siku iwe ya asubuhi, si ya alasiri, hata ya alasiri ikiwa na punguzo.

3. Nenda ukaione boti, tena jioni

Usilipe kabla ya kuiona. Saa bora ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, boti zinaporudi. Utaona walivua nini, wateja wanashuka na sura gani, na la muhimu kuliko yote, mabaharia wanafanya nini wakishafunga kamba. Wakiosha fimbo na rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) kwa maji baridi, wakazifuta na kuzipanga, hiyo ni boti inayotunzwa. Wakiziacha na chumvi yake wakaondoka, kesho utavulia chumvi hiyo.

Omba uruhusiwe kushika fimbo moja. Chukua kijipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete ya fimbo, kuanzia ya chini hadi ya nchani. Pamba ikinasa nyuzi zake kwenye pete, pete hiyo imepasuka, hata kama jicho halioni kitu. Jodari akikimbia na mita mia za mshipi, ufa huo huukata kama wembe. Kisha vuta mshipi kwa mkono kutoka kwenye rili iliyofungwa breki: utoke kwa ulaini na kwa nguvu ile ile, bila kukwama na kuruka. Breki inayokwama ndiyo inayokata mishipi mingi, na mteja huambiwa samaki alikuwa mkubwa mno. Kwa mshipi wa kilo 15, breki ianze kuachia kwenye kilo nne au tano, yaani robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi.

Upande wa injini, mbili ni bora kuliko moja. Ikiwa ni moja, kuwe na ndogo ya akiba inayoweza kuirudisha boti, na waiwashe mbele yako. Injini ya nje ikiwaka majini hutoa mchirizi wa maji nyuma yake. Hayo ni maji ya kupoza. Mchirizi uwe na nguvu na usikatike. Ukidondoka matone, njia ya maji imeziba au pampu imechoka, na injini itachemka mkiwa mbali. Jambo hili moja halihitaji ufundi wowote kuliona, na lina thamani kuliko rangi nzuri ya boti.

Kisha vifaa vya kuokolea maisha. Usikubali kuambiwa "vipo ndani ya sanduku". Vitolewe. Jaketi moja kwa kila mtu, mabaharia wakiwemo, na la mtoto liwe la mtoto: uzito huandikwa kwenye kitambaa, na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo maji hulivua juu ya kichwa chake. Finya povu lake. Likibonyea lisirudi, limekufa. Tazama tarehe ya mwisho kwenye fataki za dharura. Redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, iwepo na iwashwe kwenye chaneli 16, ambayo ni ya dharura, kwa sababu simu ya mkononi hupoteza mtandao ukishakwenda mbali. Kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, GPS, nanga yenye kamba ya kutosha. Na choo. Wanawake na watoto huumia kimya kimya kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Jina na namba ya usajili viwe vimeandikwa ubavuni. Vipige picha. Cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya kiwe hai, na leseni ya uvuvi iwepo. (Tanzania Bara ukaguzi ni wa TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli; Zanzibar ni wa ZMA, mamlaka ya usafiri wa baharini ya huko.) Nahodha mwenye karatasi zake haoni tabu kuzionyesha.

4. Zungumza na nahodha mwenyewe

Ufukweni utakutana kwanza na madalali. Wengi ni vijana wanaotafuta riziki yao, na kamisheni yao si dhambi, ila dalali haiendeshi boti. Mwambie akuunganishe na nahodha. Ujumbe kama huu unatosha:

"Salaam aleikum nahodha. Tuko wanne, mmoja ni mtoto wa miaka kumi, na wawili hatujawahi kuvua baharini. Tunataka nusu siku ya asubuhi, Jumamosi ijayo. Naomba utueleze: mwezi huu samaki gani wako, na tutavua vipi? Tutatoka na kurudi saa ngapi kwa maji ya siku hiyo? Mabaharia ni wangapi? Mmoja wetu akiumwa na bahari, tunarudi? Na samaki tunagawana vipi?"

Sikiliza namna anavyojibu. Jibu zuri lina mipaka ndani yake: "Jumamosi hiyo ni bamvua, njooni Jumatano. Sulisuli sasa ni bahati, nguru na faulusi wapo." Anayeahidi malini kwa kila mgeni, mwezi wowote, anauza maneno. Muulize pia ni hali gani ya bahari inayomfanya asitoke. Ambaye hana jibu la swali hilo, mshukuru uende zako.

Boti ya watu wanne iwe na nahodha na angalau baharia mmoja. Wawili ni bora, maana samaki akishika, mmoja hukusanya misipi mingine na mwingine hukaa nawe. Ukipanga Ijumaa, kumbuka wengi wao wana sala, hivyo mkubaliane mapema saa ya kurudi. Mwezi wa Ramadhani mabaharia wanafunga, na safari fupi ni heshima kwao na salama kwenu.

5. Sasa bei

Boti hukodiwa nzima, si kwa kichwa. Ukiambiwa bei ya kila mtu, uliza mtakuwa wangapi. Pengine mnachanganywa na watu msiowajua. Boti ya futi 28 hadi 33 hutosha wateja wanne kwa raha. Sita huingia, lakini hushika fimbo kwa zamu ndefu.

Pesa kubwa huenda kwenye mafuta. Boti yenye injini mbili za nje za nguvu ya farasi 115 kila moja hunywa lita 40 hadi 50 kwa saa ikikimbia, na chini ya nusu yake ikirambaza. Kwa hiyo bei ya chini sana ina maana moja kati ya mbili: hamtafika mbali, au mtatoka na mafuta ya kubahatisha. Kanuni ya bahari ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Uliza wanaondoka na lita ngapi.

Andikieni, hata kwa ujumbe wa simu, haya: jina la boti, tarehe, saa ya kutoka na ya kurudi, idadi ya watu, na kama bei imejumuisha mafuta, chambo, vifaa, leseni, maji ya kunywa, chakula na barafu. Halafu la hali ya hewa: nahodha akisema hatutoki, arubuni, yaani malipo ya kutanguliza, inarudi yote au inahamia siku nyingine? Neno lake la kutotoka ndilo la mwisho, na lisikugharimu. Msipokubaliana hilo mapema, kuna ushawishi mbaya pande zote mbili wa kutoka siku isiyofaa. Arubuni isizidi nusu, itumwe kwa namba yenye jina la mwenye boti au kampuni yake, si ya kijana aliyekutana nawe barabarani. Bakshishi ya mabaharia kwa kawaida haimo, iweke kando.

6. Usiku wa kuamkia safari na asubuhi yake

Dawa ya kuzuia kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, kwa muda atakaokuambia mfamasia. Ikimezwa baada ya kutapika haikai tumboni. Nyingi huleta usingizi, na za mtoto zina kipimo chake. Usiku lala mapema, epuka pombe. Asubuhi usipande na njaa, wala usijaze mahamri ya mafuta na chai nzito ya maziwa. Mkate mkavu, kiazi cha kuchemsha au uji mwepesi unakaa vizuri. Beba kipande cha tangawizi.

Maji ya kunywa yawe lita mbili hadi tatu kwa kila mtu. Shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba ya kidevuni, mafuta ya kujikinga na jua yapakwe kabla ya kupanda. Mkono wenye mafuta huteleza kwenye fimbo. Miwani ya jua ni kinga ya macho dhidi ya ndoana vile vile.

Kichefuchefu kikianza, ondoka kwenye moshi wa injini, simama karibu na tezi, yaani upande wa nyuma, ambapo boti huyumba kidogo, tazama upeo wa macho, usitazame simu. Usiingie chini kwenye chumba. Mwambie nahodha mapema. Akibadili mwelekeo tu wa boti dhidi ya mawimbi, hali hubadilika.

7. Samaki akishika

Mgawane zamu kabla ya kutoka bandarini. Rili ikilia, mwenye zamu hukaa kitini au hufunga mkanda, hupewa fimbo, na wengine hurudi nyuma. Inua fimbo polepole, kisha zungusha rili huku ukiishusha. Samaki akikimbia usizungushe. Unajichosha bure. Usikaze breki kwa hamaki, mwachie baharia. Na kamwe usizungushe mshipi mkononi, hata kwa samaki mdogo: hukata hadi mfupani.

Sulisuli na malini kwa boti nyingi za huku huachiliwa, wakiwa wamechomekwa lebo ya utafiti kwenye msuli wa mgongoni. Samaki wa kuachiliwa apigwe picha ubavuni mwa boti, kichwa majini. Kumpandisha juu kunaweza kumuua hata akiondoka akiogelea. Kama huafiki kumwachilia, sema siku ya kukodi, si wakati baharia ameshika mdomo wake.

Wa kula ndio wa kugawana, na mila hutofautiana. Boti nyingi huchukua samaki wakampa mteja mmoja au vipande vya chakula cha jioni. Nyingine humpa mteja wote. Uliza barafu ni kiasi gani: kwa joto letu, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Jodari aliyeachwa juani hutengeneza sumu ambayo hata kupikwa hakuiondoi. Mlaji huwashwa, huwa mwekundu usoni na moyo humwenda mbio. Basi jodari akipanda, atolewe damu na matumbo pale pale, aingie barafuni kabla misipi haijarudishwa majini. Na bunju akinaswa, yule anayejivimbisha kama mpira, asiingie jikoni kabisa.

Mkishuka, mwombe baharia awakatie samaki wenu ufukweni, kisha wapelekeni moja kwa moja barafuni nyumbani. Baharia atawaonyesha upande gani wa kuanzia kisu, na huyo nguru mtamla leo leo.